Akaunti Moja, Nyumba Nyingi: Festo Gidahosh Anastaafu

Jukwaa, kwa maana inayotumika katika wasifu huu, ni mfumo wa programu ambao mtengenezaji huuweka ndani ya televisheni janja ili uamue mambo matatu: nini kitafunguka kwenye kioo, kitafunguka kwa utaratibu gani, na kwa idhini ya nani. Jukwaa si kioo, wala si spika, wala si king'amuzi kinachounganishwa kwa waya. Televisheni mbili zenye vioo vinavyolingana kwa ukubwa na ung'avu zaweza kuwa na majukwaa yasiyofanana hata kidogo, na mnunuzi asiyelijua hilo hununua kioo akidhani amenunua televisheni. Tofauti hiyo ndiyo iliyoshughulisha akili ya Bwana Festo Gidahosh katika miaka ya mwisho ya utumishi wake.

Bwana Gidahosh, fundi mkuu wa Shumbana Elektroniki, anastaafu rasmi tarehe 30 Juni 2025 baada ya miaka thelathini na minne ya kazi mfululizo. Aliajiriwa mwaka 1991 na marehemu Mzee Yakubu Shumbana, mwanzilishi wa duka, wakati biashara yote ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Mbulu na bidhaa kuu ilikuwa redio za betri. Matawi ya Dongobesh na Katesh yalifunguliwa yeye akiwa kazini, na mitambo yote ya matawi hayo aliifunga kwa mikono yake.

Alizaliwa Dirma, wilayani Hanang, katika familia ya wafugaji. Uamuzi wake wa kuacha mifugo na kufuata redio haukueleweka nyumbani, na kwa kiasi fulani haujaeleweka hadi leo. Kila anaporudi likizo, ndugu zake humuuliza nyaya zake zimezaa ndama wangapi mwaka huu. Huwajibu kwamba mwaka ulikuwa wa ukame.

Katika miaka yake ya mwanzo alitengeneza redio, kisha televisheni za nyeusi na nyeupe, kisha vifaa vya sola, kisha madishi. Mitambo ya analojia ilipozimwa na watu wakalazimika kununua ving'amuzi, yeye ndiye aliyepanda mapaa mengi zaidi kuliko fundi yeyote wa Mbulu. Kutoka kipindi hicho kumebaki kisa ambacho mafundi wapya husimuliwa katika juma lao la kwanza. Mteja mmoja wa vijijini alileta televisheni yake dukani ikiwa imefungwa blanketi, akidai picha hukatika kila jioni. Dukani ilifanya kazi bila kasoro. Akaileta tena, na tena ikafanya kazi. Safari iliyofuata Bwana Gidahosh alimwambia aiache televisheni nyumbani, wakaongozana. Walipofika alikaa uani bila kugusa kitu chochote, hadi mbuzi waliporudi kutoka malishoni na kuanza kujikuna kwenye mlingoti wa dishi.

Kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, lakini thamani yake iko kwenye mbinu. Alikuwa haamini kwamba kifaa kinaweza kupimwa mbali na mahali kitakapokaa. Televisheni janja zilipoanza kuingia kwenye maduka yetu, alizipima kwa kanuni hiyohiyo. Hakuuliza jukwaa lipi ni bora. Swali hilo aliliona halina maana. Aliuliza jukwaa lipi litamfaa nani, wapi, na kwa umeme wa aina gani.

Kwa kuwa kitini hiki cha kumuaga si mahali pa kutangaza biashara, nitayataja majukwaa kwa namna alivyokuwa akiyataja mwenyewe, yaani kwa tabia zake na si kwa majina ya viwanda.

La kwanza aliliita jukwaa la mlango. Hili hutumiwa na watengenezaji wengi kwa pamoja, na lina programu nyingi kuliko mengine. Linafanana na simu ambazo wateja wetu tayari wanazo, na menyu yake hukubali Kiswahili. Lakini karibu kila kilicho chake husimama nyuma ya mlango mmoja: akaunti. Asiye na akaunti hubaki na chaneli za king'amuzi na flashi, sawa na mwenye televisheni ya kawaida. La pili aliliita jukwaa la kiwandani, kwa sababu mtengenezaji mmoja hulijenga kwa ajili ya televisheni zake mwenyewe. Huamka haraka umeme unaporudi, na kwa sehemu kubwa huruhusu mtumiaji kuruka hatua ya akaunti. Programu zake ni chache zaidi, na televisheni ikizeeka, mtengenezaji huacha kuihudumia, programu zikaondoka moja baada ya nyingine. La tatu aliliita jukwaa la njiani: mfumo wa simu uliopakiwa ndani ya televisheni ya bei ndogo, usiomuuliza mtu chochote, na ambao baadhi ya programu hukataa kabisa kufunguka ndani yake.

Vipimo vyake havikufanana na vile vinavyosomwa kwenye matangazo. Alikata umeme katikati ya kipindi na kuangalia televisheni hurudi wapi inapowaka: kwenye kipindi, au kwenye ukurasa wa mwanzo unaomtaka bibi wa miaka themanini atafute rimoti. Aliunganisha kila moja kwenye bando la simu na kuiacha bila kuitazama, ili aone ni kiasi gani cha bando kingeliwa na masasisho yasiyoombwa na mtu. Alichomeka flashi yenye nyimbo za kwaya na mikanda ya harusi, kwa kuwa kwa familia nyingi za Dirma na vijiji vinavyofanana nayo hayo ndiyo matumizi makuu ya televisheni. Aliwakabidhi rimoti watu wasiojua kusoma, akawatazama bila kuwaelekeza.

Hitimisho lake lilikuwa na masharti, kama mahitimisho mengi yaliyo sahihi. Nyumba isiyo na mtandao alishauri inunue jukwaa la kiwandani, au isinunue televisheni janja kabisa. Jukwaa la njiani alishauri dukani lisiuzwe bila mteja kuelezwa mipaka yake mapema, na menejimenti ilikubali. Kwa nyumba yenye mtandao, jukwaa la mlango lilishinda, kwa sababu televisheni hununuliwa ikae miaka mingi na hilo ndilo lililoelekea kuhudumiwa muda mrefu zaidi.

Hapo ndipo ugumu ulipoanza. Mlango ulihitaji akaunti, na sehemu kubwa ya wateja wetu hawakuwa nayo. Wengine walikuwa na simu za vitufe. Wengine waliwahi kufunguliwa akaunti na fundi wa simu, wakasahau nenosiri siku hiyohiyo. Bwana Gidahosh alifanya jambo ambalo mafundi wengi wa miji midogo hulifanya bila kulifikiria, ila yeye alilifikiria: alifungua akaunti moja, kwa laini ya simu anayotumia kazini, na akaitumia kufungulia televisheni za wateja waliokosa akaunti zao.

Alikuwa na hoja. Kwao Dirma, mtu huweza kuweka ng'ombe wake kwenye boma la rafiki. Rafiki humtunza na kunywa maziwa, lakini ng'ombe na ndama wake hubaki mali ya aliyemweka, na siku yoyote aweza kuja kumchukua. Utaratibu huo hauhitaji karatasi. Unahitaji mtu anayeaminika. Bwana Gidahosh aliiona akaunti kwa sura hiyo. Mteja ameiweka kwake kwa muda. Akijifunza, atakuja kuichukua.

Hoja hiyo ina kasoro, naye mwenyewe ndiye aliyeieleza kwa usahihi baadaye. Ng'ombe wawili wa watu wawili, wakikaa boma moja, hawachanganyiki. Kila mmoja ana rangi yake na alama yake. Nyumba mbili zikiwa ndani ya akaunti moja huchanganyika. Jukwaa huzihesabu kuwa mtu mmoja, na kinachotazamwa huku hupendekezwa kule.

Dalili za kwanza zilichekesha. Wakati wa Ramadhani, mzee mmoja wa kanisa huko Dongobesh alifungua televisheni yake akakuta imejaa mawaidha ya Kiislamu. Ilipofika Pasaka, mfanyabiashara mmoja Mwislamu wa Katesh akapendekezewa kwaya, moja baada ya nyingine. Wote wawili walikuja kwetu kwa upole. Yule mfanyabiashara alimwambia fundi wetu, "Mzee Gidahosh, sina ugomvi na kwaya, zinaimba vizuri. Lakini mama mkwe yuko kwangu mwezi mzima, na ameshaanza kuniangalia vibaya."

Dalili iliyofuata haikumchekesha mtu. Mwaka 2022, katika nyumba kadhaa zilizounganishwa na akaunti hiyo, yalianza kutokea mapendekezo ya video kuhusu mtoto mwenye kifafa: namna ya kumlaza anapoanguka, namna ya kuzungumza na walimu wake. Kwa hakika kulikuwa na nyumba moja iliyokuwa ikitafuta msaada kimyakimya. Nyumba nyingine zikaanza kukisia ni ipi. Majina mawili yalitajwa sokoni, na posa ya binti wa mojawapo ya nyumba hizo ikasimama.

Bwana Gidahosh alizima historia ya akaunti saa ileile alipoambiwa, akafuta yote iliyokuwa imekwisha kuhifadhiwa, kisha akapita nyumba kwa nyumba kueleza kilichotokea. Posa ile baadaye iliendelea. Aliulizwa na watu wengi, wakiwemo wafanyakazi wenzake, kama anaijua nyumba iliyokuwa ikitafuta. Akawajibu wote kwa sentensi moja: "Televisheni nilifunga mimi, lakini sikukaa kutazama." Mwandishi wa wasifu huu hajui hadi leo, na anaamini kwamba kutojua huko ni sehemu ya mafanikio yanayoelezwa hapa.

Mwezi wa Aprili mwaka huu maandalizi ya kustaafu kwake yalianza. Meneja wetu, Bi Hadiya Yakubu, binti wa mwanzilishi, alimwita ofisini kwa makabidhiano. Nilikuwepo. Zana zilikabidhiwa, funguo za stoo zikakabidhiwa, laini ya simu ikafikiwa.

"Shikamoo, Mzee Gidahosh," alianza, ingawa walikuwa wameonana asubuhi. Ndivyo anavyoanza kila jambo zito.

"Marahaba, mwanangu. Sema tu."

"Laini ni ya duka. Akaunti imefunguliwa kwa laini ya duka, saa za kazi, kwa televisheni za duka. Naomba nenosiri, nimpe Patriki, fundi anayeshika nafasi yako."

"Laini chukua. Simu chukua. Nenosiri siwezi."

"Mzee, hunielewi. Wewe ukiumwa kesho, wateja wote wako nje ya mlango. Nitawaambia nini?"

"Nakuelewa vizuri sana. Ila hawa watu hawakuniambia, 'Gidahosh, lipe duka.' Waliniambia, 'Gidahosh, kaa nayo.' Nikikupa bila kuwauliza, nimekupa kisicho changu."

"Basi makabidhiano hayajakamilika," alisema Bi Hadiya. "Na yasipokamilika, baba, siwezi kusaini kwamba umestaafu vizuri. Mzee Yakubu angeniuliza."

"Mzee Yakubu angeniuliza mimi kwanza," alijibu, na kwa mara ya kwanza katika mazungumzo hayo wote wawili wakatabasamu.

Haki inataka hoja zote mbili zipimwe. Bi Hadiya alikuwa sahihi kwamba jambo linalotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja halina usalama, na kwamba kazi iliyofanywa kwa jina la duka humpa mteja haki ya kulidai duka. Bwana Gidahosh alikuwa sahihi kwamba amana hupewa mtu anayejulikana, na kwamba atakayepokea nenosiri angeweza, kwa kubofya mara moja, kuiwasha tena ile historia iliyozimwa. Hakuna aliyemtuhumu Patriki kwa lolote. Patriki ni fundi mwaminifu. Lakini baada ya Patriki atakuja mwingine, na duka halina namna ya kuahidi tabia ya mtu ambaye bado halijamwajiri.

Makubaliano yaliyofikiwa yalikuwa haya: kabla ya tarehe 30 Juni, Bwana Gidahosh na Patriki wangepita katika nyumba zote, na kila nyumba ingefunguliwa akaunti yake yenyewe. Kwa maneno yake, alikuwa anakwenda kuwarudishia watu ng'ombe wao. Likizo yake ya mwisho aliitumia yote kwa kazi hiyo, kwa basi na kwa bodaboda, kuanzia Mbulu mjini hadi vijiji vya Hanang, ingawa ndugu zake walikuwa wamemwandalia mapumziko.

Nyumba nyingi zilipokea akaunti zao kwa furaha, na nyingine kwa mshangao, kwa kuwa hazikujua kwamba hazikuwa nazo. Vijana wenye simu janja walifanya kwa dakika chache kilichowashinda baba zao miaka sita iliyopita. Kwa upande wa kiufundi, zoezi hilo lilithibitisha makadirio yake: televisheni za jukwaa la mlango alizozishauri bado zilikuwa zikihudumiwa na programu zake zikifunguka, ilhali kwenye baadhi ya nyumba za jirani zilizochagua la kiwandani programu kuu ya video ilikuwa imekwisha kuondoka.

Zikabaki nyumba zilizokataa. Ni chache, na zote ni za wazee. Iliyo wazi zaidi katika hoja yake ni ya Bibi Sara Tluway wa Dongobesh, mjane, mkunga mstaafu, ambaye televisheni yake ilinunuliwa na mwanawe. Patriki, aliyekuwepo, alitusimulia mazungumzo hayo siku iliyofuata, naye si mtu wa kuongeza chumvi.

"Shikamoo, bibi," alianza Bwana Gidahosh.

"Marahaba. Umekuja kuniharibia televisheni?"

"Nimekuja kukurudishia akaunti yako. Iwe mkononi mwako mwenyewe."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba, bibi."

"Basi kunywa uji uende."

Alikunywa uji, lakini hakuondoka. Alimweleza kwamba neno la siri lingekuwa lake peke yake. Bibi Sara alimuuliza neno hilo angelihifadhi wapi, ilhali macho yake hayasomi tena. Patriki akapendekeza mjukuu.

"Huyo ndiye ninayemficha," alijibu Bibi Sara. "Akilijua yeye asubuhi, mchana limefika shuleni. Gidahosh hana habari na mambo yangu. Ana nyaya zake."

"Lakini nastaafu, bibi. Tarehe thelathini sipo dukani."

"Kustaafu ni kwa duka. Kwani akaunti nililiachia duka?"

Patriki anasema fundi mkuu alichukua kofia yake, akamuaga bibi, wakarudi Mbulu.

Juni ilipokaribia kwisha alirudi ofisini kwa meneja na kueleza mambo yalivyo. Nyumba zilizotaka akaunti zimepewa. Zilizokataa bado zimo ndani ya ile ya zamani, ambayo ameihamishia kwenye laini yake binafsi kwa idhini ya wenye nyumba hizo, na laini ya duka ameirudisha ikiwa tupu. Alisema anajua kwamba hilo si kukabidhi. Alisema pia kwamba ikiwa duka haliwezi kusaini, ataelewa, na kwamba hafla ya kumuaga si lazima.

Bi Hadiya akasaini. Maelezo aliyotupa baadaye yalikuwa mafupi: wateja waliokuwa wa duka wamerudi kwa duka, na waliobaki si mali yake hata awadai. Hakusema kwamba amekubaliana na fundi wake. Alisema tu kwamba hana hoja nyingine.

Kwa hiyo hafla ipo, na kitini hiki kipo. Uongozi na wafanyakazi wa matawi yote matatu wanamshukuru Bwana Festo Gidahosh kwa mapaa aliyoyapanda, kwa ushauri alioutoa bila kumpendelea mtengenezaji yeyote, kwa mafundi aliowafunza kupima kifaa pale kitakapoishi, na kwa yale yote anayoyajua kuhusu nyumba za watu na ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyasikia kutoka kwake. Tunamuombea afya, mvua za kutosha Dirma, na siku zenye utulivu alizozichuma kwa haki.

Limebaki jambo moja ambalo saini ya meneja haikulimaliza, na ambalo mwandishi hana uwezo wa kulifunga kwa niaba ya yeyote. Duka humwachilia mtu kwa tarehe, nasi tarehe tumeitaja. Lakini mtu akikataa kurudishiwa kilicho chake, akamwacha mwingine aendelee kukitunza, huyo anayekitunza anastaafu lini?